Mafuta ya ganda la chungwa: niliyojifunza kwenye kazi ya sabuni Tanga

Mteja akishika kichupa cha mafuta ya ganda la chungwa mezani kwangu, swali la kwanza huwa ni lilelile: "Dada, haya yanatibu nini?" Natengeneza sabuni hapa Tanga kwa miaka sasa, na jibu langu halijabadilika. Haya ni mafuta ya kazi. Yananukisha, yanasafisha, yanang'oa gundi na ulimbo, yanachangamsha chumba kilichojifungia. Tatizo ni kwamba chungwa tunalila tangu utotoni, kwa hiyo mtu anaona na mafuta yake lazima yawe mapole. Si mapole hata kidogo. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, kwa kawaida zaidi ya asilimia 90, ni kitu kimoja kinachoitwa limonini, na limonini ni kiyeyushi cha ukoo mmoja na tarpentaini. Ukianza na hilo, mengine yote utayaelewa: kwa nini yanasafisha, kwa nini yanaharibika, kwa nini yanaunguza, na kwa nini chupa yake haifai kuachwa popote.

Anayetaka kuyaona hahitaji kwenda kiwandani. Asimame karibu na muuza machungwa pale stendi amwangalie akimenya. Kisu kinazunguka tunda, utepe mwembamba wa kijani unashuka bila kukatika, na chungwa linabaki jeupe, tayari kukatwa kichwa na kunyonywa. Ukisimama jua likiwa nyuma yake utaona ukungu mwepesi ukiruka kila kisu kinapopita. Ukungu huo ndio mafuta. Uchukue ule utepe uutazame kwa karibu: ngozi imejaa vitundu vidogo, na kila kimoja ni kifuko kilichojaa. Vifuko hivyo viko kwenye ngozi ya juu tu, ile yenye rangi. Nyama nyeupe iliyo chini yake haina faida kwa kazi hii, ni kuongeza mzigo kwenye sufuria bure. Ndiyo maana nawapenda sana wamenyaji wa mtaani. Kwa namna wanavyomenya, wananitolea kile ninachokitaka na kukiacha nisichokitaka kwenye tunda.

"Kaka, maganda yako usiyamwage, nitayapitia jioni."

"Una mbuzi, dada?"

"Natengeneza sabuni."

Alicheka, lakini kesho yake alileta kiroba kisafi cha kuwekea, na hilo lilinifurahisha kuliko punguzo lolote. Maganda yakimwagwa chini yanashika mchanga na vumbi la lami, na ukiyaosha kwa kuyasugua unavitoboa vifuko na mafuta yanaondoka na maji.

Machungwa yetu mengi hutoka Muheza, na watu wa mbali hushangaa kuyaona yameiva huku yakiwa kijani. Chungwa hugeuka rangi pale usiku unapokuwa na baridi ya kutosha, ukijani wa ganda ukavunjika. Joto la ukanda wetu halina usiku wa namna hiyo, kwa hiyo tunda linaweza kuwa tamu kabisa na ganda lake likabaki kijani. Kwa mafuta, rangi hiyo haina ubaya. Msimu ukishika kasi katikati ya mwaka, malori yanapakia machungwa kwenda Dar es Salaam na mengine yanavuka Horohoro kuingia Kenya, bei inashuka, na maganda yanakuwa milima. Huo ndio wakati wangu wa kujaza chupa.

Kabla sijaanza kuchukua maganda ya shamba lolote namuuliza mkulima amepuliza nini na lini. Naliuliza kwa heshima, ila siliachi. Dawa nyingi za wadudu hupenda mafuta kuliko maji, zinaingia kwenye vile vifuko na kukaa humo, na ukikamua unazikamua pamoja. Tangu inzi wa matunda kutoka Asia agundulike Kenya mwaka 2003 na kuenea ukanda wote huu, wakulima wamehangaika naye mno, na wapo wanaopuliza mara kwa mara. Siwalaumu. Chungwa lililotobolewa na inzi huanguka kabla halijafika sokoni. Lakini nahitaji kujua. Na inafaa kukumbuka kwamba mti wenyewe uliyatengeneza haya mafuta kwa ajili ya vita hiyohiyo: mayai na viluwiluwi vya inzi vikinaswa kwenye ngozi yenye mafuta mengi, vingi hufa humo. Kitu kilichotengenezwa na mti ili kiue viluwiluwi kinastahili adabu kikifika mkononi mwako.

Njia za kuyatoa ni mbili. Ya kwanza ni kukamua bila moto, ndiyo wanayotumia viwanda vikubwa vya juisi kama vya São Paulo kule Brazili na Florida kule Marekani. Kwao mafuta ni zao la pembeni linalotoka pamoja na juisi. Zamani Sicily na Calabria, kusini mwa Italia, walifanya kwa mkono, wakilikandamiza ganda kwenye sponji mpaka sponji ilowe, kisha wakaikamua. Ya pili ni ya mvuke, na ndiyo yangu. Limonini peke yake huchemka kwenye nyuzi 176, lakini ikipandishwa na mvuke wa maji hutoka pamoja nao chini ya nyuzi 100. Mvuke unapita kwenye bomba lililozungushiwa maji baridi, unarudi kuwa kimiminika, na kwenye chombo cha kupokelea mafuta yanapanda juu ya maji yakiwa karibu hayana rangi. Ya kukamua yana rangi ya njano inayoelekea chungwa na harufu iliyo karibu zaidi na tunda bichi. Ya mvuke hupoteza kidogo ule ubichi, lakini yana faida moja kubwa upande wa ngozi, nitaieleza mbele.

Nilipokwenda Pemba kwa ndugu zangu nilipata bahati ya kuelezwa kazi ya kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, wanakokeneka, yaani kutoa kwa mvuke, mafuta ya vikonyo vya karafuu. Kilichonivutia ni kwamba ya karafuu huzama chini ya maji, wakati ya chungwa huelea. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea "mafuta ya chungwa" ambayo yanazama, sina haja ya kunusa. Kipimo kingine ni karatasi nyeupe. Dondosha tone, liache kwenye upepo. Mafuta halisi ya chungwa hupotea, labda yabakize kivuli hafifu cha nta kama ni ya kukamua. Yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia huacha doa la uwazi lisilokauka hata kesho yake. Vipimo hivi havikamati kila udanganyifu, maana limonini tupu ya kiwandani ikiongezwa nayo huruka vilevile, ila vinawakamata wengi wa sokoni.

Sasa matumizi. Mimi hununua chupa za kioo zilizotumika, za jamu na asali, na lebo zake zinashikwa na gundi ambayo maji ya moto hayaiwezi. Napaka mafuta kwa pamba, nasubiri kidogo, nafuta. Gundi inageuka ute na kuondoka yote. Ulimbo wa fenesi kwenye kisu na vidole unaondoka hivyohivyo, ingawa kwa vidole mafuta ya kupikia yanatosha na ni salama zaidi. Wino wa kalamu ya maka kwenye kioo au bati, lami kwenye soli ya kiatu, bazoka iliyoganda kwenye nguo, masizi yenye mafuta juu ya jiko: vyote vinalegea. Kwenye nguo jaribu kwanza upande wa ndani wa pindo, halafu fua kwa sabuni, maana yenyewe nayo ni mafuta. Kwenye samani zenye vanishi usithubutu bila kujaribu mahali pa kificho, kwa sababu yanaweza kuichukua vanishi pia.

Nguvu hiyo hiyo inayoyeyusha gundi haichagui. Chukua kile kibebeo cheupe cha povu wanachofungia chipsi, dondosha matone machache, na utaona kinanywea na kutoboka mbele ya macho yako. Naifanya mbele ya wateja kila mara, na hakuna maelezo ninayoweza kutoa yakawaingia kuliko hilo tundu. Ndiyo sababu siyaweki kwenye chombo cha plastiki laini, wala siachi kitoneshi chenye mpira juu ya chupa. Yule mpira hunyonya mvuke wa mafuta, huvimba, hulegea, na mwisho mafuta yanakuwa na harufu ya mpira. Chupa ya kioo ya rangi ya kahawia yenye kifuniko cha kukaza ndiyo mahali pake.

Na yanawaka. Watoto wa nyumba zenye koroboi wanalijua hili tangu zamani: unalikunja ganda mbele ya mwali na cheche zinaruka. Mvuke wake hushika moto kuanzia karibu nyuzi 48, joto ambalo gari lililofungwa vioo juani hulifikia bila shida. Sikeneki karibu na moto wa wazi upande wa kupokelea mafuta, na chupa sisafirishi kwenye buti la gari mchana kutwa.

Sehemu ambayo ningetamani kila mtu wa pwani aijue ni ya ngozi na jua. Siku moja shangazi mmoja wa mtaani alikuja kwangu akiwa na malengelenge mgongoni mwa mikono yote miwili, na juu ya kifundo michirizi miekundu kana kwamba kitu kilimtiririkia. Alikuja kwangu kwa sababu alikuwa ameanza kutumia sabuni yangu, na alikuwa na haki ya kuuliza.

"Mwanangu, sabuni hii umeweka nini?"

"Shangazi, juzi na majuzi ulikuwa na kazi gani?"

"Kazi gani tena, nilikaa uani nakata ndimu za achari. Ndoo nzima."

"Uani, juani?"

"Jua la wapi lisiloingia uani kwangu?"

Ilikuwa ndimu. Ganda la ndimu, pamoja na utomvu wake, lina vitu vinavyoitwa furanokumarini, na kimoja maarufu ni bergapteni. Vikiwa kwenye ngozi gizani havifanyi lolote. Ngozi hiyo ikipigwa na miale ya jua isiyoonekana, vinaamka na kuiunguza kutoka ndani. Kinachowapoteza watu ni muda: siku ileile huoni kitu. Wekundu huanza kama baada ya siku nzima, malengelenge yanafikia kilele siku ya pili au ya tatu, na wakati huo umeshasahau ndimu unatafuta wa kumlaumu. Baadaye panabaki weusi ambao kwenye ngozi zetu unaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi. Michirizi ile ni njia ya maji ya ndimu yaliposhuka mkononi. Shangazi alikwenda zahanati, akapona, alama zilichukua muda. Sasa anakata ndimu zake ndani na kunawa kwa sabuni kabla hajatoka kuzianika.

Nimeieleza habari hii kwa wasichana wengi wanaojipaka ndimu usoni ili "kutoa madoa" kisha wakapanda bodaboda kwenda kazini. Wanatafuta weupe na wanapata weusi. Si jambo jipya. Mwaka 1916 daktari aliyeitwa Freund alieleza madoa meusi kwenye ngozi za watu waliojipaka marashi ya kolonyi wakakaa juani, na chanzo kilikuwa mafuta ya bergamoti, tunda la ukoo wa machungwa linalolimwa zaidi Calabria. Kolonyi yenyewe, ile ya mtengeneza marashi Farina wa mji wa Cologne, ilikuwa imeanza tangu 1709, kwa hiyo watu walijinyunyizia kwa zaidi ya karne mbili kabla jambo hilo halijaandikwa vizuri.

Kwenye ukoo huu si wote wana ukali sawa, na hapa ndipo mtengenezaji anapotakiwa kuwa makini. Mafuta ya chungwa tamu hayana shida ya jua. Chenza la kawaida nalo ni jepesi. Bergamoti ndiyo kali kuliko yote: miongozo ya IFRA, jumuiya ya kimataifa ya watengenezaji wa manukato, inaiwekea kikomo cha asilimia 0.4 kwenye kitu kinachobaki mwilini na kuona jua. Ndimu ya kukamua ni 0.7, danzi 1.25, limau la kukamua 2, balungi 4. Na ile faida ya mvuke niliyoiahidi ni hii: furanokumarini ni nzito, hazipandi na mvuke. Mafuta ya ndimu yaliyokenekwa hayana tatizo la jua, yaliyokamuliwa yanalo. Kwa hiyo ukinunua mafuta ya ndimu ya kutia kwenye losheni, jina la tunda pekee halitoshi, uliza yalitolewaje. Sabuni inayooshwa na kusuuzwa haina hofu hiyo. Losheni, mafuta ya nywele na marashi ya kujipaka ndiyo yenye kazi.

Hapo hapo niseme jambo la pembeni, kwa kuwa chanzo ni kilekile. Furanokumarini za balungi ndizo zinazofanya juisi yake igombane na baadhi ya dawa za presha kama felodipini na za kolesteroli kama simvastatini; zinazuia kimeng'enya kinachovunja dawa, na dawa inazidi mwilini. Anayemeza dawa hizo amuulize mfamasia kabla hajazoea balungi la asubuhi.

Chungwa tamu nalo lina njia yake ya kudhuru ngozi, nayo ni uchakavu. Limonini mpya haileti mzio kwa watu wengi. Ikikutana na hewa kwa muda mrefu hugeuka, na vile inavyogeuka kuwa ndivyo vinavyowasha na kumfanya mtu apate mzio wa kudumu. Kwa joto la Tanga mabadiliko hayo hayachukui muda. Chupa iliyobaki robo ni hatari kuliko iliyojaa, kwa sababu nafasi iliyobaki ni hewa. Naigawa chupa kubwa kwenye vichupa vidogo vilivyojaa mpaka shingoni, naandika tarehe ya kufungua kwa kalamu, naviweka kwenye friji kwenye boksi lenye kifuniko ili maziwa yasinuke chungwa. Wengine huongeza vitamini E kidogo kupunguza kasi. Mafuta yaliyochoka yanajitaja yenyewe: utamu wa chungwa unaondoka, inabaki harufu ya rangi ya kupakia na kitu kama kisibiti, na ukiyasugua vidoleni yananata. Yakifika hapo siyagusishi na ngozi ya mtu. Yanabaki ya kung'olea gundi, na mkononi navaa glavu.

Kwa anayetaka kujipaka, kipimo changu ni asilimia moja: matone sita kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi au ya ufuta. Ajaribu kwanza ndani ya kiwiko, asubiri kesho. Kwa mtoto mchanga siweki kabisa.

Kwenye sabuni yenyewe, chungwa ni la kwanza kunukia na la kwanza kuondoka. Sabuni ya vipande naitengeneza kwa mafuta ya nazi na mawese pamoja na kostiki, bila kuchemsha, na mchanganyiko wenyewe unajipasha moto ukiwa kwenye kalibu, chombo cha kuupa umbo. Joto hilo, na wiki za kukausha rafuni zinazofuata, hurusha sehemu kubwa ya harufu. Wanafunzi wangu hukimbilia kuongeza kipimo, na hiyo ni kuchoma pesa. Kinachosaidia ni kuipa harufu mwenzi mzito. Mchaichai ndio chaguo langu: harufu yake inatokana na sitrali, ileile inayolifanya limau linuke limau, na kwenye sabuni hudumu kuliko chungwa. Unapata sabuni inayosikika ya machungwa na malimau muda mrefu baada ya chungwa lenyewe kuondoka. Kuna pia mafuta ya chungwa ambayo viwanda vimeyapunguza limonini ili harufu nyingine zibaki nyingi, yana bei zaidi ila yanakaa. Karafuu kidogo inapendeza sana na chungwa, lakini iheshimu. Mchanganyiko wa sabuni unaotaka muda kufikia uzito wa uji, ukitiwa karafuu, unaganda ghafla ukiwa bado ndooni. Karafuu naitia mwisho kabisa, matone machache, kalibu ikiwa tayari pembeni.

Sabuni ya maji ina kanuni yake. Ukimwaga mafuta moja kwa moja kwenye ndoo yenye maji yataelea juu, na mteja wa kwanza atapata yote, wa mwisho hapati kitu. Changanya kwanza na ungarol, ile malighafi nzito ya kutoa povu, mpaka yapotee, ndipo uendelee na maji. Chumvi ya kuongezea uzito iweke baada ya hapo, kidogo kidogo, kwa sababu manukato hubadilisha uzito wa sabuni.

Nirudi kwenye lile swali la tiba. Wapo wanaouza mafuta haya kwa maneno kwamba yana vitamini C. Hayana. Vitamini C huyeyuka kwenye maji, inakaa kwenye juisi na nyama ya tunda, haingii kwenye mafuta wala haipandi na mvuke. Machungwa na malimau aliyowapa daktari James Lind mabaharia wenye kiseyeye mwaka 1747 yaliwaponya kwa kuliwa, na hata leo anayetaka vitamini hiyo ale chungwa. Wapo wanaoelekeza matone kwenye glasi ya maji asubuhi ili kusafisha tumbo. Mafuta hayachanganyiki na maji, yanakwenda kooni yakiwa tupu, na mtu akipaliwa yakaingia mapafuni yanaweza kuleta homa kali ya mapafu. Kwa mtoto ni dharura. Akinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali na uende na chupa. Kwenye biskuti na pipi viwanda huyatumia, kweli, ila kwa kiasi kidogo sana kilichopimwa na yakiwa ya daraja la chakula.

Mbu je? Bibi zetu walichoma maganda makavu ya machungwa jioni, na moshi wake unawafukuza kwa muda. Mafuta ya kujipaka yanasaidia kwa muda mfupi tu, kisha yameruka. Hapa pwani malaria haina mzaha, kwa hiyo chandarua kinabaki chandarua. Dawa ya kujipaka yenye asili ya mmea inayokubalika na wataalamu wa afya, wakiwemo CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, inatokana na mkaratusi wenye harufu ya limau, nayo imesafishwa kiwandani; si ya ndimu wala ya chungwa, na haifai kwa watoto chini ya miaka mitatu. Kwa sisimizi jikoni, hapo chungwa linafanya kazi nzuri: futa njia yao kwa maji ya sabuni yenye mafuta hayo na wanapotea njia. Wenye paka wasipulize ndani, kwa sababu ini la paka haliwezi kuyavunja, naye hujilamba manyoya.

Upande wa moyo nakiri yana msaada. Mwaka 2000 watafiti wa Vienna walichapisha matokeo ya kutia harufu ya chungwa kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, na wanawake waliokaa humo walikuwa na wasiwasi mdogo na hali nzuri zaidi kuliko waliokaa bila harufu. Nikikumbuka wateja wangu wanavyolegea mabega wakifungua sabuni mpya, naamini. Ni kuchangamka, na kuchangamka ni kitu kizuri, ila hakuchukui nafasi ya dawa ya presha wala ya daktari.

Kwa wanaofikiria biashara: usajili wa vipodozi tangu 2019 uko TBS, Shirika la Viwango, ulihama kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo ya sabuni yanayosaidia anayeanza. Ukilenga Ulaya, lebo yako lazima itaje limonini kwa jina pale inapozidi asilimia 0.001 kwenye bidhaa ya kubaki mwilini, au 0.01 kwenye ya kuosha. Mimi naitaja hata kwenye za hapa nyumbani. Mwenye mzio ana haki ya kujua kabla hajanunua.

Maji yanayobaki chini ya mafuta baada ya kukeneka siyamwagi. Yana harufu nyepesi na nayatumia kufutia meza na sakafu ya karakana wiki hiyohiyo, maana bila kihifadhi yanachacha upesi hata kwenye friji. Maganda yaliyochemka nayaacha yapoe, nayatandaza juani, na mengi huishia kwenye shimo la mboji. Yule kaka wa stendi alinunua mbuzi wawili mwaka jana, na makubaliano yetu sasa ni kwamba kiroba kikija kimejaa maganda mabichi, kinarudi na yaliyopoa, mafuta yakiwa yameshatoka.